Chini ya nyaya za umeme: Fidia ni haki ya mkazi, si hisani ya kampuni

KAMPUNI ya kusafirisha umeme haina mteja wa nyumbani. Haimwuzii mtu tokeni, haimletei bili, wala haimkatii stima asipolipa. Kazi hiyo ni ya Kenya Power. Mwananchi wa kawaida huijua Kampuni ya Kusafirisha Umeme Nchini (KETRACO) siku ambayo wapima ardhi wanaingia shambani mwake na vigingi vyao, wakamwarifu kwamba nyaya za nguvu za juu zitapita juu ya mahindi yake.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua iwapo kampuni ya aina hii inaheshimu haki za binadamu asianze kwa kusoma vijitabu vyake vya maadili, wala kuhesabu visima ilivyochimba na madawati iliyoyapeleka shuleni. Aanzie kwenye ule ukanda wa ardhi ulio chini ya nyaya. Nani aliulizwa kabla ya njia kuchorwa? Nani alilipwa, kiasi gani, na baada ya muda gani? Nani alihamishwa? Na je, aliyetoa ardhi yake ili taifa lipate mwanga, yeye mwenyewe anawasha taa au koroboi?

KETRACO ilisajiliwa Desemba 2008 na inamilikiwa na serikali kikamilifu. Kabla ya hapo shughuli zote zilikuwa chini ya paa moja. Kampuni ya East African Power and Lighting, iliyoanzishwa mwaka wa 1922, ndiyo iliyobadilishwa jina mnamo 1983 na kuwa Kenya Power and Lighting. Mageuzi ya mwaka wa 1997 yaliondoa kazi ya kuzalisha umeme na kuikabidhi KenGen. Miaka 11 baadaye, serikali iliunda KETRACO ili ijenge na kusimamia laini mpya za masafa marefu. Hizi ni laini za kilovolti 132, 220 na 400, pamoja na ile ya kilovolti 500 inayoleta umeme kutoka Ethiopia.

Umeme husafirishwa kwa nguvu hizo kwa sababu kadiri kilovolti zinavyoongezeka ndivyo nishati inayopotea njiani inavyopungua. Lakini nguvu hizo huhitaji nafasi. Laini ya kilovolti 132 hutengewa ukanda wa upana wa mita 30, ya 220 mita 40, na ya 400 mita 60. Ndani ya ukanda huo hairuhusiwi kujengwa nyumba wala kupandwa miti mirefu. Mahindi, maharagwe, viazi na malisho huruhusiwa.

Mita 60 huenda zikaonekana chache kwa mtu anayezitazama kwenye ramani iliyotandazwa mezani Nairobi. Tuchukue shamba la ekari mbili lenye upana wa mita 65 pale nyaya zinapolikata. Ukanda huo utameza mita za mraba 3,900, ambazo ni karibu ekari moja nzima. Mwenye shamba bado ana hatimiliki yake, na kisheria ardhi yote ni yake, ila nusu yake hawezi kumjengea kijana wake nyumba wala kupanda mikaratusi ya kuuza. Benki nayo, akienda kuomba mkopo, haitalitazama shamba hilo kwa jicho lilelile.

Ndiyo maana mjadala wa fidia huwa mkali. Kampuni hainunui ardhi ya ukanda, ila hulipia kizuizi kilichowekwa. Hivyo malipo ya ardhi huwa sehemu tu ya thamani yake, kisha huongezwa thamani ya nyumba, miti na mimea iliyoharibiwa. Mkulima asiyeelezwa tofauti hii mapema huamini kwamba shamba lake limenunuliwa kwa bei ya kutupa. Mhandisi naye humwona mkulima huyo kuwa mtu wa tamaa. Kesi nyingi huzaliwa hapo, na nyingi zingeweza kuepukwa kwa baraza moja la maana mbele ya chifu, likiendeshwa kwa lugha ambayo wenyeji wanaielewa.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010 haikuacha jambo hili mikononi mwa ukarimu wa mtu. Kifungu cha 40 kinasema kuwa serikali haiwezi kumnyang'anya mtu mali yake, au kuzuia haki yake juu ya mali hiyo, isipokuwa kwa manufaa ya umma na kwa kulipa fidia kamili, ya haki na bila kukawia. Kifungu hichohicho kinaruhusu hata mtu anayekalia ardhi kwa nia njema bila hatimiliki kulipwa. Vifungu vya 35 na 47 vinampa mwananchi haki ya kupata habari na ya kutendewa kwa haki na maafisa wa utawala. Nacho kifungu cha 10 kinafanya ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inaingia ndani zaidi. Vifungu vya 143 hadi 149 ndivyo vinavyohusu njia za umma, zikiwemo za nyaya za umeme. Kifungu cha 148 kinafaa kukaririwa na kila mkazi aliyeona vigingi karibu na kwake. Kinasema anayestahili fidia ni mtu aliye kwenye ardhi kihalali au anayeikalia kwa hakika. Kinasema hasara inayolipwa ni pamoja na ile iliyosababishwa na kazi za mwanzo, kama vile kupima na kutafuta njia, hata kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa. Kinasema anayelipa ni taasisi iliyoomba njia hiyo. Na kinampa mlalamishi ruhusa ya kwenda kortini si tu kwa sababu kiasi ni kidogo, bali pia ikiwa hajaridhika na muda unaochukuliwa kumlipa.

Hilo la mwisho ndilo wengi hawalijui. Mwanakijiji huambiwa kwamba faili yake "inashughulikiwa" na akasubiri mwaka, miwili, mitatu, akiamini kwamba kuchelewa si kosa maadamu ahadi ingalipo. Kwa mujibu wa sheria, kuchelewa kwenyewe ni sababu tosha ya kushtaki.

Aidha, Sheria ya Nishati ya 2019 inamtaka anayetaka kupitisha nyaya kwenye ardhi ya mtu mwingine kuomba idhini ya mwenye ardhi kwanza. Nayo Sheria ya Mazingira ya 1999 inataka laini kubwa zifanyiwe tathmini ya athari na kupata leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA) kabla ya ujenzi.

Juu ya sheria za nchi kuna Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoidhinishwa na Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva mnamo Juni 2011. Ziko 31, na zinasimama juu ya mafiga matatu: wajibu wa serikali kulinda, wajibu wa kampuni kuheshimu, na haki ya aliyeumizwa kupata suluhu. Kanuni ya nne inaigusa KETRACO moja kwa moja, kwani inaitaka serikali kuchukua hatua za ziada pale kampuni inapokuwa mali yake. Kenya iliandaa mpango wake wa kitaifa wa kutekeleza kanuni hizo kwa kipindi cha 2020 hadi 2025, na ardhi na mali asili ni miongoni mwa masuala yaliyopewa kipaumbele humo.

Kuheshimu, katika lugha ya kanuni hizi, hakuhusiani na kutoa misaada. Kampuni haiwezi kumdhulumu mtu huku na kufidia dhuluma hiyo kwa wema kule. Kisima kilichochimbwa Samburu hakifuti deni la fidia linalodaiwa na mkulima wa Nyandarua, wala hakifuti la Msamburu mwenyewe. Inafaa sisi wa magazeti pia tulikumbuke hili. Picha ya meneja akikabidhi hundi kubwa ya kadibodi mbele ya watoto wa shule hupata nafasi upesi sana ukurasani, ilhali foleni ya wazee wanaofuatilia malipo yao haina mpigapicha.

Gharama ya kuchelewa

Kuna wanaodhani kuwa haki za wakazi ni mzigo unaorudisha maendeleo nyuma. Historia ya laini mbili kubwa nchini inaonyesha kinyume.

Laini ya Mombasa hadi Nairobi, yenye urefu wa yapata kilomita 480, ilianza kujengwa mwanzoni mwa mwongo uliopita na ikaanza kazi mwaka wa 2017 baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Migogoro ya njia na fidia ilikuwa miongoni mwa sababu kuu.

Ile ya Loiyangalani hadi Suswa ilileta hasara iliyoonekana na kila mtu. Laini hii ya kilovolti 400 na urefu wa zaidi ya kilomita 420 ilikusudiwa kubeba megawati 310 kutoka kwa mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, ikipitia kaunti za Marsabit, Samburu, Laikipia, Nyandarua na Nakuru. Mitambo ilikuwa tayari mwaka wa 2017. Nyaya hazikuwepo. Mwanakandarasi wa awali, kampuni ya Isolux kutoka Uhispania, alifilisika, na hata kabla ya hapo kazi ilikuwa imekwama mahali pengi kwa sababu wenye mashamba hawakuwa wamelipwa au hawakuwa wamekubaliana na bei. Laini ilikamilishwa na makandarasi kutoka China na kuwashwa Septemba 2018. Katika muda huo wote upepo wa Marsabit ulivuma bure, na mkataba uliilazimu Kenya kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haungeweza kuufikisha popote.

Haidhuru ni nani alaumiwe zaidi katika sakata hiyo. Fedha zilizopotea kwa kuchelewa zilikuwa za umma, na sehemu ya ucheleweshaji ule ingezuilika iwapo fidia ingalitengewa bajeti kamili kabla ya mwanakandarasi kuitwa. Wafadhili wengi hawakubali mkopo wao utumike kulipia ardhi. Hiyo huachwa iwe mchango wa serikali, na mchango wa serikali hutegemea Hazina ya Kitaifa itatoa nini mwaka huo. Mashine hufika bandarini kwa wakati huku pesa za mkulima zingali zinatafutwa.

Ni haki pia kutaja upande wa pili. Habari za njia mpya zinapovuja, mabroka hukimbilia kununua vipande vya ardhi kwa bei ya chini kutoka kwa wasiojua, na vibanda huota usiku kucha kama uyoga vikingojea mthamini. Kwa sababu hii miradi huwekewa tarehe maalumu ya sensa, na chochote kinachojengwa baada ya tarehe hiyo hakihesabiwi. Utaratibu huo ni wa haki, bora tarehe itangazwe hadharani na kwa wote. Ikitangazwa kwa wachache, inakuwa mtego kwa walio mbali na barabara.

Mwenye ardhi ni nani

Fomu za fidia huchukulia kwamba kila kipande kina mwenyewe mmoja, aliye hai, mwenye kitambulisho na hatimiliki yenye jina lake. Kenya haiko hivyo.

Katika maeneo mengi ya mashambani hati bado ina jina la babu aliyefariki miongo mingi iliyopita. Ili walipwe, warithi hulazimika kwenda mahakamani kutafuta barua za usimamizi wa mirathi, jambo linalogharimu fedha na wakati, na ambalo mara nyingi huamsha ugomvi wa ndugu uliokuwa umelala. Wajane na mabinti ndio hupata tabu zaidi, kwani jina lao halimo popote ingawa wao ndio wanaolima. Sheria inalinda maslahi ya mke au mume katika ardhi ya ndoa, lakini ulinzi huo hauna nguvu ikiwa mazungumzo yote yamefanywa na mume barazani na pesa zikaingia katika akaunti yake peke yake.

Mpangaji aliyekodi shamba kwa misimu miwili hukuta mwenye shamba amelipwa na yeye ameachwa na mabua. Maskwota nao ni suala jingine. Mfumo wa Benki ya Dunia wa mazingira na jamii, ulioanza kutumika Oktoba 2018, unataka hata wasio na hati walipwe thamani ya majengo na mimea yao na wasaidiwe kurejesha maisha yao kabla ya kazi kuanza. Hivyo mradi uliofadhiliwa na benki hiyo unaweza kumtambua skwota ambaye mradi wa pesa za serikali pekee ungempita. Ni jambo la kusikitisha kwamba haki ya mtu mmoja inategemea mkopo ulitoka wapi, ilhali Katiba yetu wenyewe ina kifungu kinachotosha.

Kwa wafugaji wa kaskazini, tatizo ni kubwa zaidi. Ardhi ni ya jamii, na sehemu kubwa yake bado haijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinasema serikali ya kaunti ndiyo inayoishikilia ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa kwa niaba ya wenyewe, na fidia inayolipwa kwa ajili ya ardhi ya namna hiyo huwekwa katika akaunti maalumu yenye kuzaa riba. Kwa maneno mengine, mfugaji wa manyatta hapokei chochote mkononi. Pesa zake zinakaa na kaunti hadi jamii yake isajiliwe. Kaunti isiyoharakisha usajili inabaki mshika funguo wa sanduku lisilo lake.

Mahakama zimeanza kulitazama suala hili kwa ukali. Mnamo Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za ekari 150,000 zilizotumiwa kwa mradi wa upepo wa Ziwa Turkana zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria. Uamuzi huo ulihusu shamba la mitambo wala si laini ya KETRACO, lakini uliweka wazi hatari inayoikabili miradi mikubwa pale ardhi ya jamii inapotolewa bila jamii.

Na sasa lile la mwanga. Laini ya Ethiopia, yenye urefu wa kilomita 1,045 kutoka Wolayta-Sodo hadi Suswa, ina zaidi ya kilomita 600 ndani ya Kenya, ikiingilia Moyale na kukata nyika za kaskazini. Ina uwezo wa megawati 2,000, na Novemba 2022 Kenya ilianza kuitumia kununua megawati 200. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu. Unaweza kuingizwa au kutolewa tu kwenye vituo vya kubadilisha mkondo, navyo viko ncha mbili: kimoja Sodo, kingine Suswa. Hakuna fundi awezaye kumshushia stima mkazi wa Marsabit kutoka kwenye nyaya hizo. Laini ya kilovolti 400 inaweza kushushwa, lakini kwa kujenga kituo cha kupunguza nguvu, nacho ni ghali. Ilipowashwa mwaka wa 2018, ikibeba upepo wa Kaunti ya Marsabit kwenda kusini, mji wa Marsabit wenyewe ulikuwa bado ukitegemea jenereta za dizeli.

Mradi wa kuunganishia wananchi umeme uliozinduliwa 2015, ulioshusha ada kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, ulisaidia mamilioni. Hata hivyo, ulilenga nyumba zilizo umbali usiozidi mita 600 kutoka kwa transfoma. Pasipo na transfoma, hapakuwa na mita za kuhesabu. Ikiwa KETRACO inataka mradi wa kijamii ambao hakuna mkazi atakayeuita wa kujionyesha, basi ni huu: kuhakikisha kwamba bajeti ya kila laini mpya, tangu siku ya kuchorwa, ina vituo vya kuwapa umeme waliotoa njia. Hilo haliwezi kufanywa na KETRACO peke yake. Linahitaji Kenya Power, shirika la umeme wa mashambani (REREC) na Wizara ya Kawi kupanga pamoja, jambo ambalo taasisi zetu hulifanya kwa shingo upande.

Kuulizwa kabla

Umuhimu wa kushirikisha umma ulionekana wazi mwaka wa 2024. Mnamo Oktoba, KETRACO ilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Adani kutoka India ili ijenge na kuendesha laini kadhaa kwa gharama ya takriban Sh95 bilioni. Chama cha Wanasheria nchini (LSK) kilikwenda kortini, kikidai kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba mambo yalifanywa gizani. Mahakama Kuu ilisimamisha mpango huo mwezi huohuo. Novemba 21, Rais William Ruto aliufutilia mbali alipohutubia Bunge, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumfungulia mwenye kampuni mashtaka ya hongo, ambayo kampuni ilikanusha. Wengi walishangilia kifo cha mkataba. Ni wachache waliouliza kuhusu wakazi wa maeneo ambayo laini hizo zingepitia, na iwapo yeyote alikuwa amekaa nao chini.

Mkutano wa kushirikisha umma una maana ikiwa njia inaweza kubadilika baada yake. Mhandisi akija na ramani iliyokwisha kuidhinishwa, huo ni mkutano wa kutoa taarifa. Pana mambo madogo ambayo wenyeji pekee huyajua: kaburi la wazee, mti wa matambiko, mapito ya mifugo wakati wa kiangazi, chemchemi inayojitokeza baada ya masika. Kusogeza laini mita mia mbili kwenye karatasi hakuna gharama. Kuisogeza baada ya chuma kusimama ni mamilioni.

Swali linaloulizwa mara nyingi barazani ni la afya. Je, nyaya huleta saratani? Jibu la kweli ni hili. Mnamo 2002, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka uga wa sumaku unaotokana na umeme katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa msingi wa ushahidi finyu uliohusu saratani ya damu kwa watoto. Haijathibitishwa kwamba ndivyo. Kiwango cha usalama cha kimataifa kwa umma, kilichotolewa 2010, ni mikrotesla 200 kwa umeme wa aina yetu. Mkazi hastahili kutishwa wala kubezwa. Anastahili kupimiwa nyumba yake na kuonyeshwa tarakimu.

Mijini shida ni tofauti. Huko nyaya ndizo zilizotangulia na watu wakazifuata, wakajenga vibanda chini yake kwa kukosa pa kwenda, au kwa kuuziwa na matapeli. Hatari ya kuuawa na umeme hapo ni ya hakika, na kuwaondoa kunaweza kuwa wajibu. Ila kuna namna ya kuondoa watu. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2016 yanataka ilani ya angalau miezi mitatu na yanaharamisha ubomoaji unaodhalilisha utu. Katika kesi ya kijiji cha Mitu-Bell, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu ilisema Januari 2021 kwamba hata wanaokalia ardhi ya umma bila hati wana haki ya makao inayostahili kulindwa. Tingatinga la saa kumi alfajiri halina nafasi katika sheria hiyo, hata likiwa limetumwa kwa jina la usalama.

Kukatika kwa umeme nako ni suala la uwajibikaji. Juni 2016, tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili alipona, na dunia ikacheka. Usiku wa Agosti 25, 2023 hapakuwa na cha kuchekesha: nchi ilikosa umeme kwa saa nyingi na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa giza. Gridi yenye njia moja tu ya kupitisha mzigo mkubwa huanguka yote kwa pamoja. Laini za ziada zinahitajika, na hiyo ina maana ya mashamba mengine zaidi kukatwa. Kwa hivyo suala la fidia halitaisha karibuni.

Pa kulalamikia

Mkazi aliyepokea notisi ya nyaya aanze kwa kuomba kwa maandishi ramani ya njia, ripoti ya tathmini ya mazingira na hesabu ya fidia yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 kujibu. Ikikataa, malalamishi hupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman. Ni vyema apige picha za nyumba, miti na mimea kabla ya tingatinga kufika, na asitie sahihi fomu yoyote ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa. Akitaka mthamini wake mwenyewe, hakuna sheria inayomkataza.

Malalamishi ya kwanza huenda kwa kampuni. Yasipotatuliwa, kuna Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na rufaa ya maamuzi yake husikizwa na Jopo la Kawi na Petroli. Leseni ya mazingira hupingwa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Mzozo wa kiasi cha fidia au wa kuchelewa kwake hupelekwa kwanza mbele ya Jopo la Utwaaji wa Ardhi, na rufaa yake huenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) hupokea malalamishi bila ada.

Na pale mradi unapofadhiliwa na mkopo wa kigeni, kuna mlango mwingine ambao haupiti Nairobi kabisa. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, lililoundwa 1993, hupokea malalamishi ya watu wawili au zaidi wanaoamini kwamba mradi wa benki hiyo umewadhuru au utawadhuru. Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zina vitengo vyao vya namna hiyo. Wamaasai waliohamishwa Olkaria kwa ajili ya mradi wa mvuke wa KenGen walitumia milango miwili kati ya hiyo mnamo 2014, wakilalamikia makao mapya na jinsi walivyoshirikishwa. Malalamishi yao yalichunguzwa na kuishia katika upatanishi na makubaliano yaliyotiwa saini mwaka wa 2016. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na anayeogopa kulipiziwa kisasi anaweza kuomba jina lake lifichwe.